Ghala la Wagonjwa

Msilale,
4 Agosti

Mwanangu Flavian,

Dominiko kondakta kaniletea sukari na salamu zako. Sukari nimepokea. Salamu za kupitia kondakta sizitaki, andika. Mtandao wa huku unaujua: mpaka upande kichuguu cha nyuma ya kanisa, na ukifika juu unakuta watu wanne wanangoja zamu na wote wanakusikiliza. Halafu maneno ya simu mtu huyakana kesho yake. Nimefundisha darasa la nne miaka thelathini na moja, mimi barua naiamini.

Sasa nisikilize. Mtendaji wa kijiji ametangaza mkutano mkuu tarehe 20 Septemba, na ajenda ni moja tu: ulezi wote wa ghala la wagonjwa uuzwe, fedha zikakatie kaya zetu bima mpya ya serikali. Yaani hiyo bima unayozunguka nayo wewe, afisa mwandikishaji, mtoto wa mdogo wangu Monika niliyekufuta kamasi kwa kanga hii hii. Mimi sikubali. Siku hiyo nitasimama niseme, na nakwambia mapema usije ukasema nimekuvizia.

Wewe uliondoka hapa na sare ya seminari, labda umesahau ghala lilianzaje. Fortunata mwenzetu alipofia njiani, yumo ndani ya machela, kwa sababu mwenye gari alitaka kulipwa kwanza, sisi wanawake wa jumuiya tulikaa tukasema basi. Kila nyumba ilete debe moja la ulezi baada ya mavuno. Tulichagua ulezi kwa sababu hauliwi na wadudu, unakaa miaka. Mahindi yangetobolewa kabla ya Krismasi. Mtu akiugua naandika karatasi, Modesti anawasha gari lake anampeleka mjini, kisha anapimiwa ulezi wake. Dawa zikihitajika tunauza gunia. Ni miaka kumi na sita sasa, na hakuna mwingine aliyefia njiani.

Bima yenu wanaangalia kadi kwanza, sura ya mgonjwa baadaye. Sisi tunaangalia mtu. Kama serikali inatupenda, ilete dawa zahanati na muuguzi wa pili, maana huyu mmoja akienda semina mlango unafungwa. Hayo mengine tuachiwe wenyewe. Wapelekee wakubwa wako maneno hayo kama nilivyoyaandika, usiyalainishe.

Huku mavuno si mabaya. Jumamosi ya kupokea ulezi nilikaa mlangoni mwa ghala na daftari langu toka asubuhi mpaka mgongo ukagoma. Na yule Shigela, Msukuma wa kule ukingoni mwa mteremko wa bondeni, hatimaye ameleta fidia. Ng'ombe wake walikanyaga matuta yangu mwezi wa sita, matuta yenye majani niliyokwisha kuyafukia yawe mbolea, kazi ya wiki nzima, nami sikumpeleka kokote. Basi siku hiyo akaja na mtamba mwekundu, akamfunga kwenye nguzo ya ghala, akaniambia, "Nimeleta, mama." Nikamwambia, "Nimepokea." Akakaa kidogo, akaondoka. Huo ndio uungwana. Kwetu fidia hailetwi kwa hotuba. Imezidi hata madhara yenyewe.

Mama yako Mkubwa,
Bertilla


Sumbawanga Mjini,
11 Agosti

Mama Mkubwa, shikamoo.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili sikucheka sana.

Mama, hakuna anayelidharau ghala. Mimi mwenyewe lilinipeleka mjini nilipovunjika mkono likizo ile ya kidato cha tatu. Lakini niruhusu nikuulize. Ulezi wa nyumba sitini utalipia upasuaji mkubwa? Utamsafisha mtu figo mara mbili kwa wiki? Isdori wa hapo kijijini akiugulia Mbeya kwenye biashara yake ya maharage, Modesti atamfuata na gari? Ghala ni la kijiji kimoja na ugonjwa haujui mpaka wa kijiji. Ndiyo maana serikali inataka watu wote wachangie chungu kimoja, mzima ambebe mgonjwa, na wa Sumbawanga ambebe wa Kipili asiyemjua. Wewe uliyetufundisha kugawana embe moja watu wanane, sielewi hili linakushinda wapi.

Na kuhusu kadi kuangaliwa kabla ya sura, nakuhakikishia: mwenye kadi hatoi hata senti dirishani. Anatibiwa, anapewa dawa, anarudi nyumbani.

Nilipokuja Msilale mwezi wa saba kuandikisha, niliketi ofisi ya mtendaji siku mbili na nikapata kaya kumi na moja. Kila niliyemuuliza alisema, "Mwalimu Bertilla amesema tusikimbilie." Hata kule ukingoni kwa wafugaji nilikwenda na pikipiki, vumbi mpaka puani, wakanikatalia. Wakasema wao wana ghala. Nilicheka peke yangu njia nzima. Umewateka mpaka Wasukuma, Mama!

Nina ombi, na naliomba kama mtoto. Usisimame tarehe 20. Bosi wangu anajua wewe ni nani kwangu. Kila kijiji kimepangiwa lengo la kaya, na Msilale ndiyo ya mwisho kwenye orodha. Ukisimama wewe, hakuna atakayenyoosha mkono upande wangu, na mimi nitaulizwa kama kweli nafanya kazi ya serikali au ya shangazi zangu.

Maneno yako kuhusu dawa na muuguzi nimeyapeleka.

Mwanao,
Flavian


Msilale,
24 Agosti

Flavian,

Mimi si shangazi yako, mwambie huyo bosi. Mimi ni mama yako, mkubwa kuliko aliyekuzaa, na nitasimama.

Umeandika vizuri kuhusu chungu kimoja. Ungekuwa darasani kwangu ningekupa alama za juu kwa lugha na sifuri kwa hesabu. Chungu hicho kiko wapi? Nani anakifunika? Nikitaka kukiona nipande basi gani? Ghala letu liko hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu. Ulezi ukipungua kila mtu anaona, na nikiiba mimi, Kalista mwenzangu wa jumuiya atajua kabla ya jua kuzama kwa jinsi anavyonichunguza. Huo ndio usalama wangu. Sikatai kumbeba mtu wa Kipili. Nakataa kuuza nilichonacho mkononi ninunue ahadi.

Halafu umesema mwenye kadi hatoi senti. Isdori ni mmoja wa hao kumi na moja wako. Juzi alikwenda zahanati na kadi yake mpya, inang'aa. Akapokelewa vizuri, akaandikiwa dawa vizuri, akaambiwa dawa hakuna, akanunue. Akaja kwangu kucheka na kutukana kwa pamoja. Hili nalo lipeleke kwa wakubwa.

Huku hakuna jipya sana. Alhamisi kulikuwa na purukushani kidogo, mjamzito mmoja wa kule ukingoni, si wa kwetu. Hawamo kwenye daftari. Nikampa mumewe nauli ya pikipiki kutoka mfukoni mwangu, wakaenda mjini. Mtu asije akasema sina huruma. Lakini kanuni ni kanuni, Flavian. Nikiandika karatasi kwa asiyechangia, mwakani nani ataleta debe lake? Nyumba sitini zitaniuliza, na zitakuwa na haki.

Upepo wa mwezi huu ni mkali, umeng'oa bati la jikoni. Mwambie mama yako aniletee ile dawa ya kifua.

Bertilla


Sumbawanga Mjini,
31 Agosti

Mama Mkubwa, shikamoo.

Naandika haraka, Dominiko anaondoka saa nane.

Jumatatu nilikuwa hospitali mjini kwenye meza yetu ya uandikishaji. Akaja mwanaume mrefu, ana kofia ya pama mkononi, akaniamkia kwa jina. Ni Shigela wa ukingoni. Mkewe Minza ndiye mjamzito uliyeniandikia. Walifika hapa Alhamisi jioni na pikipiki iliyosimama kila mara njiani kwa uchungu wake, mtoto amekaa vibaya tumboni, mama amechoka. Walimpasua. Minza amepona. Mtoto wa kike aliishi siku mbili. Muuguzi alimwambia Shigela kwamba wangefika mapema kwa saa tatu au nne, mambo yangekuwa mengine. Sijui kama ni kweli au wanasema hivyo tu, ila amemwambia, na yeye amelibeba hilo.

Nikamuuliza, kwa nini ulinikatalia kadi mwezi wa saba? Akanijibu kwa sauti ya chini kabisa, "Mimi ni mtu wa ghala. Nililipa." Nikamwuliza alilipa nini, akavaa kofia yake akarudi wodini.

Mama, alilipa? Naomba unijibu. Siulizi kama mtu wa bima.

Flavian


Msilale,
4 Septemba

Flavian,

Nimesikitika kwa habari ya mtoto. Nimemwombea, na Jumapili litasomwa jina la familia kanisani hata kama wao si wa kanisa letu.

Ama kuhusu kulipa, hajalipa. Nimepekua daftari la mwaka huu, la mwaka jana na la mwaka juzi. Debe la Shigela halimo. Jumamosi ya mavuno nilikaa mlangoni mimi mwenyewe siku nzima, na hakuna ulezi uliopita bila mimi kuuandika. Yule mtu ana uchungu na mwenye uchungu husema lolote, simlaumu. Lakini wewe usilibebe hilo ukalifanya hoja ya mkutano wako. Ukifanya hivyo utanijua.

Bertilla


Mtowisa,
8 Septemba

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni Minza, mke wa Shigela. Niko huku bondeni kwa dada yangu mpaka mshono upone. Nyumbani siwezi kuchota maji, na huku kuna joto lakini kuna mikono ya kunisaidia. Nilimaliza darasa la saba, kwa hiyo barua hii nimeiandika mwenyewe, hakuna aliyenitia maneno.

Shigela hataki nikuandikie. Kijana wa bima alimpigia simu akamweleza mambo ya daftari. Akaniambia, "Kama mama yule anasema sikutoa, basi mimi ni mwongo kwake, na mwongo haongei." Lakini mimi nitaongea, maana mtoto alikuwa wangu.

Mwezi wa sita ulisema kwenye mkutano, nilikuwepo, nimekaa nyuma na wanawake: ukishaleta chako ghalani umekuwa wetu. Shigela akarudi nyumbani na maneno hayo. Sisi ulezi hatulimi. Tulikuwa na mpunga wa huku Mtowisa, nikamwambia apeleke gunia, akasema hapana, mpunga unaliwa na panya, hawa ni watu wa kutunza vitu. Akachagua mtamba mwekundu, yule ambaye mama yake hakuwahi kutuangusha kwa maziwa. Akamleta siku mliyokuwa mnapokea, mahali mlipokuwa mnapokea, akamfunga kwenye nguzo ya ghala penyewe mbele ya watu. Akasema nimeleta. Ukasema nimepokea. Kwetu mtu akitoa ng'ombe hasimami kujieleza, ng'ombe anaonekana. Akarudi akaniambia, sasa ukishikwa na uchungu gari lipo. Yule kijana wa bima alipokuja tukamrudisha na maji ya kunywa tu.

Kuhusu matuta yako, Mwalimu, hatukujua kama ni ng'ombe wetu. Huku ukingoni tuko wafugaji watano. Ungetuambia tungekulipa, na tungesema wazi kuwa ni fidia.

Alhamisi ile nilikuwa juu ya pikipiki pale nje ya ghala, nimeshika ile nguzo. Ulitoa daftari. Ulipekua mara mbili, nilikuona, ulikuwa unatafuta kwa haki. Halafu ukampa Shigela nauli na ukafunga mlango. Muda wote huo hukuniangalia. Ungeniangalia mara moja tu, nafikiri ungeandika ile karatasi, jina liwepo lisiwepo. Hilo ndilo nililotaka ulijue.

Mtoto tulimwita Kija.

Minza


Msilale,
13 Septemba

Mwanangu Flavian,

Nakutumia nakala ya barua ya Minza, nimeinakili kwa mkono wangu neno kwa neno. Isome ukiwa umekaa.

Nilipomaliza kuisoma nilikwenda kwa Modesti, ambako mtamba analishwa pamoja na ng'ombe wake, nikasimama namwangalia. Modesti akaniuliza kama nataka kumuuza. Nikamwuliza, "Siku ile Shigela alipomfunga pale, wewe ulidhani ni wa nini?" Akasema, "Si mchango wake wa ghala? Nilishangaa kaleta mkubwa vile. Nikajua umeandika." Umeona? Modesti alijua. Kalista nimemuuliza, naye alidhani ni fidia, kama mimi, kwa sababu nilishamlalamikia kuhusu matuta. Yaani mtu asiyekuwa na kinyongo aliona mchango, na sisi wenye kinyongo tukaona deni letu linalipwa.

Nimejaribu kulala na jambo hili nimeshindwa. Najitetea: sikujua. Kweli sikujua. Lakini nilichagua kutojua, Flavian. Shigela alikaa pale kidogo kabla ya kuondoka, nilikuandikia hivyo mwenyewe. Alikuwa anangoja nifungue daftari. Nami nilikuwa nafurahia uungwana wake. Na wewe uliniandikia wafugaji wamesema wana ghala, nikapita juu ya maneno hayo kwa sababu yalinipa sifa.

Ninajionea aibu mpaka nachelewa kutoka nje asubuhi.

Tarehe 20 nitasimama kama nilivyosema, ila sasa nitasema hili. Lote, na jina langu. Najua wataligeuza kuwa sababu ya kuuza ghala, na bosi wako atafurahi. Wewe usifurahi. Bado naamini ulezi huo usiuzwe. Sina tena mdomo wa kulisema hilo, na ndiyo adhabu yangu.

Mama Mkubwa


Sumbawanga Mjini,
17 Septemba

Mama Mkubwa, shikamoo.

Nimeisoma nikiwa nimekaa, ngazi za nyuma za ofisi.

Sifurahi. Na siwezi kukuacha usimame peke yako kana kwamba upande wangu ni safi, kwa hiyo nami naandika, uwe na karatasi mkononi.

Nilikwambia mwenye kadi hatoi senti. Nilipokuandikia hivyo nilikuwa nimetoka zahanati yenu mwezi mmoja tu nyuma. Makabati niliyaona. Kulikuwa na dawa ya maumivu, chumvi za kuharisha na katoni tupu. Kuhusu gari la wagonjwa la kata, liliegeshwa juu ya mawe, halina tairi mbili. Kwenye taarifa yangu niliandika kwamba gari lipo. Niliandika hivyo kwa sababu fomu inauliza lipo au halipo, haiulizi kama linatembea, na mimi nilitaka kufunga taarifa ya mwezi.

Nimejiuliza: Shigela angechukua kadi yangu ile siku, ingekuwaje? Alhamisi ile angekwenda zahanati, muuguzi angepiga simu, gari lisingekuja. Angepanda pikipiki ile ile. Kadi yangu isingemfikisha mapema hata dakika moja.

Maneno yako ya Agosti kuhusu dawa na muuguzi nilisema nimeyapeleka. Sikuyapeleka. Yamo kwenye droo yangu, pamoja na barua yako. Niliogopa kusemwa.

Bado naamini chungu kimoja, Mama. Isdori akiugulia Mbeya bado ghala halitamfikia. Lakini siwezi kuwaambia watu wauze walichonacho wakati ninachowauzia nakijua hakijafika. Nitakuja tarehe 20. Bosi atakuwepo. Nitasoma habari ya gari.

Mwanao,
Flavian


Msilale,
22 Septemba

Kwako Minza, mke wa Shigela.

Nilipata barua yako. Sikuijibu mapema kwa sababu nilitaka kwanza kuyasema mahali panapostahili, isije ikawa nimekuomba radhi kwa siri huku mbele ya watu bado mume wako ni mwongo.

Mkutano ulikuwa juzi, uwanja wa shule. Shigela alikuwepo, alisimama nyuma karibu na goli, nadhani amekwambia. Mimi nilipewa nafasi baada ya mtendaji. Nikasoma barua yako yote. Kisha nikasema: alitoa, nilipokea, sikuandika, nikamfungia mlango. Nikasema na habari ya matuta yangu. Sikuongeza kitu.

Isdori ndiye wa kwanza, akasema, "Sasa Mwalimu, haya si ungeyanyamazia tu?" Watu wakaanza kelele. Wengine wakasema basi liuzwe, tumechoka na daftari la mtu mmoja. Wengine wakasema nawapendelea Wasukuma kwa sababu ya mtamba. Kalista akasimama akawakaripia: ulezi haukumfungia mtu mlango, aliyefunga ni Bertilla, aondolewe Bertilla na ulezi ubaki. Ilinichoma, lakini alisema kweli.

Halafu mwanangu Flavian wa bima akasimama, hakuna aliyemtarajia, akaeleza dawa zisizokuwepo na gari lisilo na tairi, mbele ya mkubwa wake. Yule mkubwa akaondoka kabla mkutano haujafungwa. Flavian amehamishiwa stoo tangu jana asubuhi. Amenipigia simu mwenyewe, nikapanda kichuguu kuipokea.

Yaliyoamuliwa ni haya. Ulezi hauuzwi. Anayetaka kadi akachukue, asiyetaka aachwe, na kijiji kimeandika barua ya kudai dawa, tairi na muuguzi wa pili, imetiwa sahihi na watu mia moja na nne. Ufunguo na daftari anavyo Kalista. Gari la Modesti litaondoka kwanza kwa mgonjwa yeyote aliyeko Msilale, juu na ukingoni. Maswali yataulizwa likisharudi. Mtamba nimemkabidhi kwa ghala. Nilitaka kumrudisha kwenu, Modesti akanikataza, akasema nitamtukana Shigela mara ya pili.

Kadi nami nimechukua, usinicheke. Isdori ananicheka inatosha.

Sikuombi unisamehe, sina haki ya kukuharakisha. Umeniambia sikukuangalia. Ni kweli. Nimejaribu kukumbuka ulivaa nini siku ile, sikumbuki. Nakumbuka kurasa.

Kama kuna jambo unataka nifanye, sema. Hata kama ni gumu.

Bertilla


Mtowisa,
5 Oktoba

Shikamoo Mwalimu.

Mshono umepona. Kesho kutwa napanda na gari la mpunga, Shigela atanipokea njia panda.

Ameniambia yote ya mkutano. Alisema ulisoma barua yangu bila kuruka mstari. Siku ile alikula vizuri kwa mara ya kwanza.

Alikuwa ametaka tuhame. Mjomba wake yuko Katavi, kuna malisho, na wenzetu wawili wa ukingoni wameshaondoka. Alikuja huku kunichukua twende moja kwa moja. Nimemkatalia. Kija tumemzika pale chini kidogo ya nyumba yetu, mahali mteremko unapoanza, na siwezi kumwacha peke yake na watu ambao hawakumjua. Kwa hiyo nabaki, na wewe unabaki, na njia ya kwenda kisimani ni moja.

Unauliza nataka ufanye nini. Nimefikiri sana. Ulezi sitaki, na usiniletee kitu nyumbani, tafadhali, wala usimtume mtu. Nataka hivi: tukikutana njiani nitakuamkia, kwa sababu wewe ni mkubwa. Uitikie, kisha upite. Usisimame kuniuliza hali, sitaweza kujibu.

Siku nikisimama mimi, na wewe usimame.

Minza